Jinsi ya kupima plani ya dawa ya Medicare kabla hujamsajili mzazi wako

Kila ikifika Oktoba simu ya mama haipumziki. Watu wa bima wanapiga asubuhi mpaka jioni, sanduku la barua linajaa makaratasi ya rangi rangi yenye picha za wazee wanacheka, kila moja inajisifu, sisi tuna nyota nne, sisi nyota nne na nusu, sisi premiamu, ile ada ya bima ya kila mwezi, ni sifuri. Mama anazikusanya zote ananiwekea mezani, nikitoka kazini ananiambia mwanangu hebu niangalizie ipi nzuri. Mwanzoni nilikuwa naangalia nyota tu basi, yenye nyota nyingi ndo namchagulia. Halafu ikaja Januari moja tukasimama kaunta ya famasi, mama kashika mkoba wake, binti wa pale anatuambia inhela yake ya pumu imekataliwa na bima, haimo kwenye orodha yao. Plani ilikuwa na nyota nne! Siku sita mama alikaa bila ile inhela, usiku namsikia anakohoa chumbani kwake na mimi sipati usingizi kabisa.

Kuanzia pale nikaanza kujifunza hizi plani zinapimwaje, na nani anazipima, na kipi hawakipimi. Naandika kwa wenzangu mnaotunza wazazi huku Marekani, mzazi kafika 65, ana kadi ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, na hujui ushike lipi.

Kwa kifupi sana: dawa za kutumia nyumbani mzazi anazipata kupitia plani za makampuni binafsi chini ya kitu kinaitwa Part D, kilianza Januari 2006 kutokana na sheria ya 2003. Kuna plani ya dawa peke yake, na kuna zile za Medicare Advantage ambazo zimefunga daktari, hospitali na dawa kwenye furushi moja. Dirisha la kubadilisha linafunguliwa 15 Oktoba linafungwa 7 Desemba, ulichochagua kinaanza 1 Januari. Mwisho wa Septemba mzazi lazima awe ameshapata barua ya mabadiliko kutoka kwa plani yake ya sasa, ile barua usiitupe, ndo inayosema mwakani nini kinaongezeka bei na dawa gani inatolewa kwenye orodha. Ya mama ilikuja ule mwaka wa inhela, tuliikuta baadaye ndani ya droo haijafunguliwa.

Sasa kabla hujagusa kompyuta, kaa na mzazi mezani alete vichupa vyote. Nasema vyote, cha kwenye mkoba, cha kando ya kitanda, cha kwenye friji, na matone ya macho anayosahau kwamba nayo ni dawa. Soma lebo moja moja uandike jina, miligramu ngapi, vidonge vingapi, vya siku ngapi. Kuwa makini na zile herufi ndogo mwisho wa jina. Mama anameza metformin ya sukari, na kuna metformin ya kawaida na kuna ya ER inayotoka taratibu tumboni, na hata hizo za ER ziko za aina zaidi ya moja, nyingine bei rahisi kabisa nyingine ghali mno, ukiingiza ile siyo hesabu yako yote imeharibika. Mimi nakipiga picha kila kichupa halafu naandika kutoka kwenye picha.

Tuje kwenye nyota. Nyota zinatolewa na CMS, ile idara ya serikali inayosimamia Medicare, kila Oktoba, kuanzia moja mpaka tano. Upande wa dawa kuna vipimo kama 12 hivi, na vimegawanyika mafungu manne: huduma kwa simu, malalamiko na wanachama wanaohama, wanachama wenyewe wanasemaje wakiulizwa, na usalama wa dawa pamoja na ukweli wa bei. Siyo kitu cha kudharau, ni kazi ya maana na makampuni yanaiogopa, kwa sababu plani za Advantage zikifika nyota nne zinalipwa bonasi na serikali. Ndo maana mzazi wako anapigiwa simu mwezi wa kumi na moja anaulizwa bibi umeshachukua dawa yako ya presha, wanahangaikia kipimo.

Lakini kuna mambo mtu hakuambii. La kwanza, ukiangalia plani ya Advantage ile nyota kubwa ya juu imechanganya kila kitu, vipimo karibu 40, uchunguzi wa saratani, macho ya wagonjwa wa sukari, vyote humo. Plani inaweza kuwa na nyota nne juu na upande wa dawa ikawa na tatu. Kwenye tovuti ya Medicare bonyeza ile nyota, fungua mpaka uone nyota ya plani ya dawa peke yake, hiyo ndo unayoitaka.

La pili, na hili ndo liliniumiza, nyota siyo za plani, ni za mkataba wa kampuni na serikali. Angalia namba ya plani utaona imeandikwa herufi na tarakimu nne, halafu kistari, halafu namba nyingine. Ile ya mwanzo ndo mkataba, S ikiwa ni plani ya dawa peke yake, H ikiwa ni Advantage, R ikiwa ni ile ya mkoa mzima. Mkataba mmoja unaweza kubeba plani kibao, zenye premiamu tofauti na kopei tofauti, yaani hela anayolipa mzee kaunta kila akichukua dawa, hata majimbo tofauti, na zote zinavaa nyota zilezile. Kwa hiyo ile nyota nne niliyoiona ilikuwa wastani wa watu wengi mno, wengine wako mbali na sisi kabisa, haikusema chochote kuhusu inhela ya mama.

La tatu, data ni ya zamani kidogo. Nyota za 2026 zilitangazwa Oktoba 2025, lakini vipimo vya watu kuchukua dawa humo ndani ni vya mwaka 2024. Kampuni inaweza kuwa imebadilisha mengi katikati hapo.

Kwa hiyo mi natumia nyota kama chekeche. Chini ya tatu upande wa dawa naiweka pembeni, na kama ina ile alama ya onyo ya kufanya vibaya miaka mitatu mfululizo hata siifungui. Zikibaki za tatu na nusu kwenda juu, hapo naacha kuangalia jumla naingia kwenye kipimo kimoja kimoja.

Kipimo kinachobeba uzito ni kile cha watu kuendelea na dawa, kiko cha presha, cha sukari na cha kolesteroli. Wanahesabu hivi: kuanzia siku mzazi alipochukua dawa mara ya kwanza mwaka huo mpaka 31 Desemba, siku ngapi zimefunikwa na dawa aliyochukua kwa bima. Ikifika asilimia 80 anahesabiwa anaendelea, chini ya hapo hapana. Plani inapata alama kwa asilimia ya wanachama waliofika hiyo 80. Chukua mfano wa losartan ya mama, dawa yake ya presha. Mara ya kwanza 3 Februari, kutoka hapo mpaka mwisho wa mwaka ni siku 332. Akichukua vya siku 90 mara tatu ni siku 270, gawa kwa 332 unapata asilimia 81, amepita. Sasa ile mara ya pili akalipa hela yake mwenyewe kwa kadi ya punguzo la dawa kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kopei, bima haioni kitu, anabaki na 180 gawa kwa 332, asilimia 54, amefeli, na vidonge amemeza kila siku bila kukosa! Sisemi usitumie kadi ya punguzo, kama inaokoa hela tumia, nasema tu uelewe hiki kipimo kinahesabu risiti, hakimuoni mtu akimeza.

Ila kwangu bado kinanisaidia. Plani ambayo watu wake wengi wanafika 80 kwa kawaida inarahisisha mambo, inatoa vya siku 90, inapeleka kwa posta, kopei za jeneriki, zile dawa za bei nafuu zisizo na jina la kampuni, ziko chini, haisumbui. Plani ambayo watu wake wanaachia dawa njiani najiuliza wanaachia kwa nini.

Kipimo kingine nakipenda ni cha mapitio ya dawa zote. Mzee mwenye magonjwa kadhaa na dawa nyingi anaingizwa kwenye programu ambayo mara moja kwa mwaka mfamasia anakaa naye, hata kwa simu, wanapitia kila dawa, halafu anatumiwa orodha yake kwa maandishi na mambo ya kufanya. Ni bure. Kipimo kinasema wangapi kati ya walioingizwa walipata kweli hayo mapitio. Mama alifanyiwa akaambiwa dawa ya mafua aliyokuwa ananunua mwenyewe dukani inampandishia presha, hakuna daktari aliyewahi kumuuliza kama anaitumia. Plani yenye alama ya chini hapa inamwacha mzee na mfuko wake wa vidonge peke yake.

Malalamiko nayo uyaangalie, yanahesabiwa kwa kila wanachama 1,000. Lakini jua kitu, yanayohesabiwa ni yale yaliyofika Medicare yenyewe, kwa 1-800-633-4227. Ukilalamika kwa kampuni tu yanaishia kwao. Sisi wakati wa inhela tulipiga kampuni mara nne, mara nne! Medicare hata mara moja hatukupiga, tulikuwa hatujui. Basi ukiwa na shida ya kweli piga huko, laini iko wazi usiku na mchana.

Halafu bei. Kuna kipimo kinalinganisha bei inayoonyeshwa kwenye tovuti na bei iliyotozwa famasi. Alama ikiwa mbaya hapo usiamini hesabu yoyote utakayoifanya huko mbele, kwa hiyo hiki ukiangalie mapema.

Na lugha, ndugu zangu, lugha. Wanapima kama ukipiga simu kituo chao utapata mkalimani, wana watu wa kupiga simu za majaribio wakijifanya wateja. Lakini majaribio ni kwa lugha chache, Kihispania, Kimandarini, Kivietnamu, Kifaransa na kadhalika, Kiswahili hakimo. Plani inaweza kupata nyota tano hapo na mama yako akaambiwa subiri mpaka betri iishe. Pima mwenyewe. Piga namba yao ya wateja siku ya kazi, mara mbili, asubuhi na mchana, sema kwa Kiingereza unaomba mkalimani wa Kiswahili, washa saa. Kwa kanuni wanatakiwa kumleta mkalimani ndani ya dakika 8 na ni bure. Akishaingia muulize swali la kweli, inhela hii iko ngazi ya ngapi ya bei kwenye orodha yenu, inataka kibali? Utajua mengi kwa jinsi wanavyojibu. Mimi mmoja alinijibu kwa kunisomea karatasi yote kuanzia juu, mwingine aliniambia namba ya ngazi, kopei, na akaniambia famasi gani ya karibu na zip kodi yetu ni rahisi zaidi. Mama alipomsikia yule mkalimani anasalimia shikamoo akatabasamu, akaniambia hawa hawa.

Baada ya nyota ndo kazi yenyewe, na hii nyota haiwezi kukufanyia. Ingia tovuti ya Medicare sehemu ya kulinganisha plani, weka zip kodi, weka dawa zote kama ulivyoziandika, weka famasi mnayokwenda na nyingine mbili tatu za karibu. Halafu panga kwa gharama ya mwaka mzima, premiamu pamoja na dawa, usipange kwa premiamu peke yake. Tuseme plani moja premiamu ni dola 12 kwa mwezi na dawa zote zinakula 95, jumla 107, mara 12 ni 1,284. Nyingine premiamu 48, inaonekana ghali, lakini dawa ni 31 tu, jumla 79, mwaka 948. Dola 336 zimebaki mfukoni kwa plani ambayo mzee angeiruka kwa kuona ile 48.

Kwa 2026 kuna namba za kukumbuka. Dola 2,100 ndo mwisho wa mzazi kutoa kwa dawa kwa mwaka, akifika hapo zilizobaki ni bure mpaka Desemba, 2025 ilikuwa 2,000. Dedaktibo, ile hela anayotoa mwenyewe kabla bima haijaanza kusaidia, haiwezi kuzidi 615. Insulini haizidi 35 kwa mwezi, chanjo za watu wazima zinazopendekezwa ni sifuri. Sasa sikiliza vizuri, hiyo 2,100 inahesabu dawa zilizo kwenye orodha ya plani tu, na premiamu haimo. Dawa ikiwa nje ya orodha unalipa yote na haiingii kwenye hesabu. Ndo maana kwangu kipimo namba moja ni hiki: dawa zote za mzazi zimo au hazimo. Dawa sita kati ya saba siyo ufaulu kama ya saba ndo inayomfanya apumue.

Zikiwemo bado hujamaliza. Kando ya kila dawa kuna alama za masharti, ziko tatu. Kibali cha awali, maana yake daktari aandike kwanza kuomba. Kuanza na ya bei nafuu, maana yake mzee ajaribu dawa nyingine, ishindwe, ndo apewe yake. Na kikomo cha idadi, vidonge vingapi kwa mwezi. Hesabu alama hizo kwa dawa zote za mzazi. Mimi plani yenye masharti mawili na gharama ndogo nitaiacha nichukue isiyo na masharti hata ikizidi dola 100 kwa mwaka, manake najua ofisi ya daktari wetu faksi zinakaa wiki.

Famasi nayo inabadilisha kila kitu. Plani zina famasi za upendeleo na za kawaida, dawa ileile kopei tofauti. Famasi iliyoko chini ya nyumba yenu ambayo mama anakwenda kwa miguu inaweza kuwa ya kawaida mwakani wakati mwaka huu ilikuwa ya upendeleo. Angalia kila mwaka. Na kama mzazi haendeshi gari, famasi ya upendeleo iliyoko maili tisa siyo nafuu yoyote.

Kuhusu mawakala, wengi ni watu wazuri na wengine ni ndugu zetu kanisani na msikitini, ila wanalipwa kamisheni na wanauza plani za makampuni waliyosajiliwa nayo. Kila jimbo kuna ushauri wa bure usio na kamisheni, unaitwa SHIP, hapa kwetu Texas jina lake HICAP. Nenda na orodha yako ya dawa, watakaa na wewe. Waulize pia kuhusu Extra Help, ule msaada wa serikali wa kulipia dawa, kama kipato cha mzazi ni kidogo, manake akikubaliwa dedaktibo inaondoka na dawa ya jeneriki kwa 2026 haizidi dola 5.10, hapo hesabu zako zote za juu zinabadilika, kwa hiyo hili liulizwe mwanzo.

Na jambo la kufanya Januari, ambalo lingemwokoa mama zile siku sita. Mzazi akihamia plani mpya na dawa yake ikakataliwa, ndani ya siku 90 za kwanza plani lazima impe dawa ya mwezi mmoja ya mpito wakati mnashughulikia. Usiondoke kaunta, mwambie mfamasia ni mwanachama mpya tunaomba ile ya mpito, apige plani hapohapo. Halafu siku hiyohiyo daktari aandike ombi la kuiruhusu. Kuanzia plani inapopokea maelezo ya daktari ina saa 72 kujibu, au saa 24 kama daktari atasema kusubiri kunahatarisha afya. Wakikataa unakata rufaa, barua ya kukataa ina maelekezo.

Nina daftari la kurasa 80 kwenye droo ileile ya barua. Kila mama akichukua dawa naandika tarehe, dawa, siku ngapi, kalipa ngapi, na simu yoyote tuliyopiga ilichukua dakika ngapi. Oktoba ikija nafungua daftari kwanza, makaratasi ya wazee wanaocheka baadaye.